Bibi Mmoja na Mgeni wa Tunduma

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi walimu wenzangu, nawaletea habari ya safari niliyoifanya mwezi wa Julai kutoka Tunduma hata Sumbawanga. Si safari ya ajabu. Zamani mwendo ule wa kilometa 220 na zaidi kidogo uliweza kummaliza mtu siku nzima na usiku juu yake, na wakati wa masika magari yalilala matopeni. Lakini tangu lami ilipowekwa, katika miaka ya 2010, msafiri aondokaye Tunduma baada ya chakula cha mchana hufika Sumbawanga jua likitua. Basi nisingeandika neno, kama si mambo yaliyotokea katika kiti changu mwenyewe, kiti cha watu watatu, nami nilikuwa nimekaa upande wa njia.

Dirishani alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, amejifunga khanga, na juu ya mabega ametupa shuka zito, kwa maana aliijua baridi ya kwao. Kapu lake lilikuwa mapajani, na fuko lake la mchele wa kununua Tunduma lilikuwa nyuma ya gari pamoja na mizigo mingine. Nilimfahamu kwa kumwona, kwa kuwa binti yake anakaa mtaa mmoja na mimi. Jina lake silitaji, wala kijiji chake.

Gari lilipokuwa karibu kuondoka akapanda kijana mmoja, yapata miaka thelathini, amevaa miwani myeusi na viatu vyeupe visivyo na tone la vumbi, na simu mbili mkononi. Kazi yake ni kuuza vipuri vya pikipiki. Hakutuambia sisi, bali alikuwa akimwambia mtu katika simu kwa sauti ya kuwatosha abiria wote. Akafika kwenye kiti chetu, akasimama, akaashiria kwa kidole.

“Wewe bibi, toka hapo. Mimi nakaa dirishani.”

Bibi akainua uso, akamtazama kwa furaha kama mtu aonaye mjukuu wake ametoka shule, akasema, “Marahaba, mwanangu.”

Ninyi mnajua kwamba marahaba huitikia shikamoo, na shikamoo haikutoka kinywani mwa kijana yule. Watu wa viti vya karibu wakaanza kucheka taratibu. Kijana akasimama, asijue kama ametukanwa au amebarikiwa. Utingo akaja, akazisoma tiketi, akaona namba ya dirishani ni ya bibi, na ya kijana ni ya katikati. Akafungua kinywa kuamua shauri, lakini bibi alikwisha kuinuka na kapu lake.

“Mwache akae,” akasema. “Mimi nchi hii nimeitazama tangu kuzaliwa, nayo imenitazama. Tumekwisha kuzoeana. Mgeni ndiye wa kutazama.”

Akasogea katikati, kijana akapita, akaketi dirishani bila kusema asante. Nami nikajiambia moyoni, ‘Haya, ndivyo wazee wetu wanavyoonewa.’

Walakini tulipokuwa tukitoka mjini, nikakumbuka masimulizi ya Milansi. Wazee wa Ufipa husema kwamba hapo kale mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakafika wanawake wageni. Wakataka kukikalia kiti chake. Mkewe akakataa, wakamshika kwa maneno, hata mwisho akakitoa. Mtawala aliporudi alikuta mambo yamekwisha, nchi imepata wenyewe wengine, na kwa wageni wale ukatoka ukoo wa Twa uliotawala Ufipa. Masimulizi haya yana namna nyingi, na Roy Willis, mwanachuoni wa Uingereza, aliyachambua kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1981. Lakini sehemu inayonipendeza mimi ni ile ya mwisho, ambayo watoto huisahau kwa kuwa haina vita: Milansi yenyewe haikuchukuliwa. Mwenyeji alibaki na kijiji chake, na wale wenye nguvu wakaendelea kumhesabu kuwa ndiye wa kwanza katika mambo ya mila. Alitoa kiti, hakutoa nyumba.

Tena wageni kwetu si jambo jipya. Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa katika miaka ya 1840, na mkuu wao mwenyewe alifia huku. Joseph Thomson alipita mwaka 1880, akaandika kwamba watu wa nchi hii ni wakulima tu. Mapadre walishika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wengine walikuja na mikuki, wengine na vitabu, na siku hizi wanakuja na vipuri vya pikipiki.

Basi turudi garini. Kijana alipomaliza kusema na simu, akamgeukia bibi, akamwuliza anakwenda wapi. Bibi akajibu, “Nyumbani, Sumbawanga.” Yule bwana akapiga paja lake, akaangua kicheko.

“Kumbe nimeketi na wenyewe! Nimeambiwa habari zenu. Sasa bibi, mbona unapanda gari? Ungo wako umeuacha wapi?”

Msomaji, huenda wewe uko mbali na Rukwa, hujui jinsi mzaha huu ulivyochakaa. Mtu wa Sumbawanga akienda Dodoma, akienda Dar es Salaam, akitaja kwao tu, mwenziwe husogeza kiti, ndipo hucheka, ndipo huuliza habari za ungo. Mimi nimeulizwa na karani, nimeulizwa na muuza samaki. Kama ingekuwa utani wa makabila, ule wa desturi, nisingenung’unika, maana mtani ana haki zake na ana kazi zake pia: akutukanaye kwenye arusi ndiye akusaidiaye kwenye msiba. Lakini huyu hakuwa mtani wa mtu. Alikuwa mgeni tu, na mwenye kutukanwa ni mtu wa kumzaa mama yake.

Bibi akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei.

“Ungo upo, mwanangu. Nimeuacha nyumbani, mkwe wangu anapepetea maharage. Ungenikuta nao ningekuwa nimekwisha kufika zamani. Ila una taabu moja: hauchukui mzigo. Mtu hawezi kupanda ungo na fuko la mchele. Na tena hauna kiti cha pili, ningekosa kukaa karibu na kijana mzuri kama wewe.”

Gari zima likacheka, na dereva naye akacheka. Na mimi nikacheka. Yawapasa kulikumbuka neno hilo, kwamba nilicheka. Nilicheka bibi alipojibu, naam, lakini nikisema kweli yote, nilikuwa nimeanza kutabasamu tangu kijana alipouliza.

Yule kijana hakupenda kushindwa mbele ya watu. Akachukua simu moja, akaiinua mbele ya uso wa bibi, akaanza kupiga picha za kutembea, huku akisema na wenzake wa mbali kana kwamba wako humo garini: “Haya, mnaona? Niko na mchawi wa Sumbawanga, yuko hai. Tazameni macho. Tazameni macho yalivyo mekundu!”

Hapo kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka, akatazama, akageuka tena upesi.

Nataka niseme kwa nini kicheko kilikatika, kwa ajili ya wasomaji vijana. Kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kusingiziwa uchawi. 2,286 katika hao walikuwa wanawake. Walio wengi walikuwa wa Usukuma, si wa Ufipa. Na huko Usukuma, mahali ambapo kuni zimekwisha na wanawake hupikia mavi ya ng’ombe, moshi huharibu macho ya wazee yakawa mekundu, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Mwanamke apikaye miaka hamsini hupata macho yale kama fundi seremala apatavyo sugu za mikono. Nayo mauaji hayakukoma mwaka 1984. Kwa hiyo mtu aliyesema maneno yale ndani ya gari, akayatuma kwa watu asiowajua, pamoja na sura ya mwanamke mzee mwenye nyumba, na kijiji, na majirani, alikuwa akichezea kitu ambacho sidhani alikijua. Nadhani alikuwa akitaka kuchekesha.

Na mimi mwalimu, niliyezisoma hesabu hizo, nilifanya nini? Nilitazama magoti yangu.

Bibi hakuuficha uso wake. Hakuvuta shuka. Akautazama ule mkono ulioshika simu, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, “Macho haya yamepuliza moto miaka sitini. Kila sahani ya ugali iliyoliwa nyumbani kwangu ilinidai chozi moja, na watu wa nyumba yangu wana matumbo makubwa.” Akanyamaza kidogo. “Na mama yako, mwanangu, yeye apikia nini?”

Kijana akajibu kabla hajafikiri. “Kuni.”

“Kuni,” akasema bibi. “Haya. Msalimu sana. Mwambie apunguze kupuliza, atumie kipepeo.”

Mkono wa simu ukashuka kidogo. Sikumwona usoni, kwa kuwa miwani ilikuwa imemziba, lakini niliona koo lake likimeza mate. Nadhani alikuwa ameyaona macho ya mama yake, popote alipo.

Kumbe bibi alikuwa hajamaliza. Akanyosha mkono: “Hebu nami nione nilivyotoka.” Kijana, kwa kukosa la kufanya, akampa. Akaitazama picha kwa mbali, kisha kwa karibu, akatikisa kichwa. “Umenitoa vibaya. Bibi akiwa peke yake pichani huonekana kama mtu aliyepotea, watu watadhani mmeniokota njiani. Futa hii, tupige nyingine, mimi na wewe. Wenzako waone kwamba umesafiri na bibi yako.”

Abiria wakadakia, “Naam! Futa! Pigeni wawili!” Utingo akaja kuwashikia simu. Bibi akamwegemea kijana begani, akatabasamu na meno yake machache, na kijana akawa hana budi kuvua miwani. Ile ya kwanza ikafutwa. Niliona kwa macho yangu kidole chake kikiifuta. Sasa kama angetaka kumwonyesha mtu mchawi wa Sumbawanga, ingemlazimu kujionyesha na yeye, amekaa ubavuni pake kama mjukuu.

Tulipofika Laela gari likasimama, watu wakashuka kunyosha miguu. Baridi ilikuwa imeanza. Uwanda wa Ufipa uko juu sana, na mji wa Sumbawanga wenyewe ni zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa Julai upepo wake hausalimu. Kijana alikuwa na shati la mikono mifupi. Bibi akafungua kapu, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa katika kitambaa. Mimi akanipa kimoja, nikapokea kwa mikono miwili. Akamnyoshea kijana kimoja.

Hakukipokea. Akasema ameshiba, na tumbo lake likamsaliti papo hapo kwa kunguruma. Tukalisikia sote watatu. Nikatambua kwamba yule mtu aliyekuwa akitukana kwa sauti kubwa saa mbili zilizopita, alikuwa anaogopa kwa kweli. Aliogopa kiazi.

Bibi hakufanya kama ameona. Akakivunja kile kiazi vipande viwili, akala kimoja taratibu, akakimeza, akapangusa midomo; ndipo akamnyoshea cha pili. Ni desturi ya kale ya mwenyeji kuonja kwanza, hata kwa pombe ilikuwa hivyo. Hakusema neno wala hakutabasamu. Kijana akakipokea, akala, akala na kingine. Kisha bibi akalikunjua shuka lake, akatupa upande mmoja juu ya magoti yake yule bwana, nao wakasafiri hivyo, wamefunikwa na shuka moja.

Tangu Laela mazungumzo yakawa mengine. Kijana akawa anauliza kwa sauti ya chini. Nyasi zilikuwa zimekauka na kugeuka rangi ya simba, ng’ombe wakipita mbali, tanuri za matofali zikitoa moshi, na kando ya njia palikuwa na shamba lenye matuta ya duara, mamia kwa mamia, yamepangana hata upeo wa macho. Yule bwana akayatazama muda mrefu, akauliza kwa wasiwasi, “Bibi, yale yote ni makaburi?”

“Ndiyo,” akasema bibi. “Tumezika nyasi. Tunazifukia humo zioze. Mvua zikija zitafufuka zikiwa ulezi.”

Akamweleza kazi ile yote, jinsi nyasi zinavyolazwa na kufunikwa kwa udongo wakati ardhi ingali laini, jinsi maharage yanavyopandwa juu yake, na jinsi tuta linavyosambazwa msimu ufuatao ili shamba lipate mbolea yake. Aliieleza kama mwalimu mzuri, nami niliona haya, kwa kuwa darasani kwangu somo hilo hulimaliza kwa dakika kumi na kuandika ubaoni neno ‘mboji’. Kijana alikuwa akisikiliza kweli. Akasema kwao hununua mbolea kwa mfuko, na bei yake inapanda kila mwaka.

Jua lilikuwa limeshuka tulipoanza kuona mabati ya mji yakimeta mbele, na milima ya Mbizi imekaa nyuma yake. Bibi akajiweka sawa, akaanza kufunga kapu. Ndipo akasema, kana kwamba limemjia tu, “Mwanangu, jina la mji wetu umeambiwa maana yake?”

“Sijaambiwa.”

“Sumba ni kutupa. Wanga ni uchawi. Wazee walisema hivi: mgeni anayeingia, kama anao wake, autupe nje kabla hajafika. Sisi ndio tuliokuwa tukiwaogopa ninyi.” Akamwonyesha kwa kidevu. “Haya, tumefika. Dirisha unalo wewe. Unadhani nilikupa kiti kile kwa nini?”

Wasomaji, sijui kuandika kicheko. Nitasema tu kwamba mama yule wa mbele, ambaye alikuwa hajageuka tena tangu habari ya macho, aligeuka sasa na machozi yanamtoka kwa kucheka, na kijana mwenyewe alicheka hata akaegemea kioo. Ndipo akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akafungua dirisha kidogo, upepo wote wa Ufipa ukaingia, akatupa nje kitu kisichoonekana, akafunga. Bibi akaitikia kwa kichwa kama karani aliyepokea ushuru.

Kituoni akashuka mbele yetu. Akalitoa fuko la mchele katika mizigo, akaliweka chini polepole. Akasimama, akashika mkanda wa mkoba wake, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Hiyo nilikwisha kuiitikia Tunduma,” akasema bibi. “Hii naiweka akiba, utanikuta nayo siku nyingine.”

Akaenda zake kutafuta nyumba ya wageni. Hakuomba radhi, na bibi hakumdai. Mimi nikalichukua fuko begani, tukaanza kutembea kuelekea mtaani kwetu, giza linaingia, na moshi wa vyakula vya jioni umelala juu ya nyumba. Nikamwambia, kwa furaha ya mtu aliyetazama mchezo, “Bibi, leo umemshinda kabisa.”

Hakujibu mara moja. Kisha akasema, “Kumshinda? Mimi nilikuwa naogopa.”

Ndipo akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1964, alipokuwa msichana mdogo, vijana wa Kamchape walifika kijijini kwao. Baadhi yenu mmesikia habari zao. Walikuwa watafuta wachawi, waliotembea kijiji kwa kijiji Ufipa katika miaka ya 1963 na 1964, kama watangulizi wao walivyofanya katika miaka ya 1930 kwa jina la Mchape, dawa iliyoingia kutoka upande wa Nyasaland. Bibi alisema walikuwa vijana wazuri, wamevaa suruali safi na viatu, na mmoja wao alikuwa na kioo. Wazee wakapangwa mstari. Kijana mwenye kioo aliwapa mgongo, akawatazama ndani ya kioo mmoja mmoja wakipita nyuma yake, akasema huyu ndiye, huyu siye.

“Nyanya yangu alikuwa katika mstari,” akasema. “Zamu yake ilipofika, akamwambia yule kijana, ‘Mwanangu, kabla hujaniona wewe, nipe kwanza hicho kioo nijione mimi. Tangu niolewe sijajua kama uso bado upo.’ Watu wakacheka. Yule kijana naye akacheka, akampa kioo kweli, akajitazama, akamrudishia akasema, ‘Umekwisha kuharibika, chukua.’ Wakacheka tena. Akapita. Hakutajwa.”

Tukatembea hatua kadhaa.

“Nyuma yake alikuwa jirani yake, waliyelima pamoja miaka yote. Yule hakuwa na maneno. Alikuwa mtu wa kimya tu, tena alikuwa akitetemeka. Kijana akatazama kioo, akasema, huyu ndiye. Wakamchanja, wakamtoza fedha, wakaichimba nyumba yake kutafuta pembe. Hawakuona pembe. Lakini tangu siku ile hakuna aliyepokea moto nyumbani kwake. Akashuka bondeni, Rukwa, kwa ndugu za mumewe, akafa huko. Nyanya yangu hakupona kwa sababu hakuwa na hatia. Wote wawili hawakuwa na hatia. Alipona kwa sababu aliwachekesha. Alilia kwa jambo hilo hata alipozeeka kabisa. Alisema, ‘Kicheko kile kilinitosha mimi peke yangu.’”

Nikakumbuka ile simu iliyoinuliwa, na jinsi sisi sote tuitavyo uso wake wa mbele: kioo. Nikamwuliza kama ndicho alichokiona pale garini.

“Nilimwona kijana mwenye viatu safi na kioo,” akasema. “Mtu anayecheka haogopi, mwalimu. Nilitaka asije akaanza kuogopa, yeye na wengine wale mle ndani, maana mwenye hofu ndiye achukuaye panga. Nilipomwona anakiogopa kiazi, hapo ndipo nilipotetemeka mimi. Hukuona? Nilikula kile kipande kwa taabu.”

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nikila changu.

Tulikuwa tumefika kwenye njia ya nyumbani kwa binti yake. Taa ilikuwa inawaka dirishani, na watoto wamekwisha kusikia sauti ya bibi yao, wanakimbia kuja. Akasimama akavuta pumzi, akaweka mkono juu ya fuko lililokuwa begani mwangu, kama mtu ajaribuye uzito wake.

“Mimi Mungu alinipa ulimi,” akasema. “Sasa wewe ambaye ulikuwa umekaa karibu nami, mwalimu. Kama ningekuwa yule jirani?”

Watoto wakatufikia, wakamshika khanga wakimwuliza amewaletea nini. Nikalihamisha fuko bega la pili, nikawafuata ndani.